Chaneli kumi na mbili za nini? Jibu kwa msomaji wa Igoma anayetafuta miksa ya studio ya nyumbani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza, na nina chumba kimoja ambacho nimeanza kukigeuza kuwa studio ndogo. Ninarekodi waimbaji wa injili mmoja mmoja, wakati mwingine mwimbaji pamoja na mpiga gitaa, na kwaya ya vijana ya kanisani kwetu imeniomba niirekodi kabla ya mwaka kwisha. Nina laptopu na hedifoni, basi. Nimetenga shilingi laki saba. Katika duka moja la mjini nimeoneshwa miksa ya chaneli kumi na mbili yenye USB, Bluetooth na efekti 99, na muuzaji anasema hiyo ndiyo studio nzima. Pia kuna mtu anauza miksa iliyotumika, iliyotoka Japani. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabla hujatoa hata shilingi moja, rudi dukani ukamuulize muuzaji swali hili, naye akujibu kwa kukuonesha, si kwa maneno: nikichomeka maiki nne kwenye miksa hii na kuiunganisha na laptopu yangu, je, nitapata treki nne zilizotengana, yaani mistari minne ya sauti ninayoweza kuirekebisha mmoja mmoja kwenye programu, au nitapata mbili tu? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko chaneli kumi na mbili, Bluetooth na efekti 99 kwa pamoja. Kwa kazi uliyoieleza, ushauri wangu ni kwamba fedha hizo zisinunue miksa kabisa, bali kadi ya sauti ya nje yenye milango minne ya maiki, na kinachobaki kiingie kwenye maiki, stendi na nyaya. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa naona umeelekezwa upande mwingine.

Miksa ndogo za bei nafuu zimetengenezwa kwanza kwa ajili ya jukwaa. Kazi yake ni kupokea sauti nyingi, kuzipima, kuzichanganya, na kuzitoa zikiwa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, ziende kwenye spika. USB iliongezwa baadaye, na katika miksa nyingi za kundi hili imewekwa mwishoni kabisa mwa safari ya sauti, baada ya mchanganyiko kukamilika. Yamaha MG10XU, ambayo ni miksa nzuri na ya kudumu, hupeleka kwenye kompyuta treki mbili tu. Ndivyo ilivyo kwa Behringer Xenyx QX1202USB, na ndivyo ilivyo kwa familia ya Mackie ProFXv3, ambayo inarudisha treki nne kutoka kwenye kompyuta lakini inapeleka mbili. Si kasoro, kwa kuwa zimeundwa hivyo na vijitabu vyake vinasema wazi. Tatizo huja pale muuzaji anapotamka neno USB na mnunuzi akadhani kila chaneli itafika kwenye kompyuta peke yake.

Chukua mfano wa mwimbaji wako na mpiga gitaa. Wamepiga wimbo vizuri, ila katika ubeti wa pili mwimbaji ameshusha sauti na gitaa limemfunika. Kama kila mmoja ana treki yake, unapandisha sauti ya mwimbaji katika mstari ule mmoja na kazi inaendelea. Kama wawili hao wameshachanganywa, ni chai na maziwa vilivyokwisha kumiminwa kikombe kimoja, na kilichobaki ni kuwaomba warudie wimbo. Vivyo hivyo kwa mwangwi na ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha besi na sauti nyembamba): katika miksa za aina hii, ulichokiweka wakati wa kurekodi kinaingia ndani ya rekodi moja kwa moja, na kesho ukigundua kwamba mwangwi ulizidi, huna pa kuuondolea.

Niseme pia kwamba ipo njia ya kuikwepa shida hii kwa kiasi, nayo itakufaa siku ukiazimwa miksa ya treki mbili. Zungusha kitufe cha kuelekeza sauti cha chaneli ya mwimbaji hadi mwisho wa kushoto, na cha gitaa hadi mwisho wa kulia, kisha uzime efekti zote. Kwenye programu ya kurekodia fungua treki mbili za mono, moja ipokee kushoto na nyingine kulia. Hapo umewapata wawili wakiwa wametengana kabisa. Lakini mbili ndiyo mwisho. Wa tatu akija, lazima apande na mmojawapo.

Hesabu ya chaneli nayo inahitaji kuangaliwa kwa jicho la mteja mgumu. Watengenezaji huhesabu kila mlango wa stereo kuwa chaneli mbili, hata kama hauna pa kuchomeka maiki. MG10XU ina chaneli kumi lakini inapokea maiki nne tu. Ndugu yake MG12XU ina chaneli kumi na mbili na maiki sita. Kwa hiyo hiyo uliyooneshwa, acha kusoma kilichoandikwa kwenye boksi, uhesabu matundu ya maiki, yale ya duara yenye vishimo vitatu. Hiyo ndiyo idadi ya maiki utakazotumia. Matundu mengine ni ya kinanda, simu na redio.

Kisha itazame USB yenyewe. Hili linaonekana kwa macho bila hata kuwasha kifaa. Tundu la USB likiwa bapa, kama lile unalochomeka flashi kwenye redio, na pembeni yake pana kioo kidogo na vitufe vya kurusha nyimbo mbele na nyuma, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ni kicheza MP3 tu. Baadhi yake hurekodi kwenye flashi hiyo hiyo, tena katika MP3, jambo lisilofaa kwa kazi ya studio. Tundu la kuunganisha kompyuta kwa kawaida ni la mraba, kama la printa, au lile dogo la mviringo linalofanana na la simu za siku hizi. Bluetooth haina msaada wowote katika kurekodi, kwa sababu sauti yake huchelewa. Ni ya kupigia muziki watu wakiwa mapumzikoni. Kuhusu efekti 99, nadhani utatumia mbili, na programu ya kurekodia ina bora kuliko hizo.

Tuje sasa kwenye kadi ya sauti. Hiki ni kiboksi kinachokaa mezani, chenye milango ya maiki na gitaa upande mmoja na waya wa USB upande mwingine. Hakina fada (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) wala ikwalaiza, kwa kuwa kazi hizo zote hufanywa ndani ya kompyuta. Kinachofanya ni mambo machache, nayo ndiyo hasa unayoyahitaji: hukuza sauti ya maiki, hupeleka umeme wa volti 48 kwenye maiki za kondensa (zile zenye usikivu mkubwa, zinazohitaji umeme huo), hugeuza sauti kuwa namba za kompyuta, na hukipa kila mlango treki yake. Behringer UMC202HD na Focusrite Scarlett 2i2 zina milango miwili; Behringer UMC404HD ina minne. Kwa sababu ya kwaya, ningekuelekeza kwenye hiyo ya minne au nyingine inayolingana nayo. Kadi za milango miwili kwa kawaida hutumia umeme wa laptopu yenyewe kupitia waya wa USB, ilhali UMC404HD inahitaji adapta yake, kwa hiyo hakikisha imo ndani ya boksi kabla ya kuondoka dukani.

Zipo pia miksa halisi zinazotenga kila treki. Zoom LiveTrak L-8 na L-12, Tascam Model 12 na Soundcraft Signature 12 MTK zote zinafanya hivyo, na zile za Zoom na Tascam hurekodi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu bila kompyuta yoyote, jambo ambalo ni neema kubwa kama laptopu yako imechoka. Siku utakapoanza kurekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, rudi kwenye majina hayo. Kwa sasa zingemeza bajeti yako yote na kukuacha bila maiki hata moja.

Kuna hali moja ambayo ningebadili ushauri huu. Kama kifaa hicho hicho kitatakiwa pia kuendesha spika za kanisani kila Jumapili, kadi ya sauti haitafaa na miksa ya kawaida itakuwa ndiyo chaguo. Ila, kijana wangu, kifaa cha studio kinachobebwa kila wiki kwenye bodaboda na kushikwa na kila anayepita madhabahuni hakidumu, na siku mteja wako anayelipa akija kitakuwa bado kiko kwenye kabati la kanisa, na mwenye ufunguo yuko safarini Sengerema. Kanisa linunue chake.

Kuhusu kwaya, najua kilichokuvutia kwenye chaneli kumi na mbili ni hesabu ya waimbaji. Ondoa wazo hilo. Kwaya ya watu ishirini hairekodiwi kwa maiki ishirini. Hurekodiwa vizuri kwa maiki mbili za kondensa zilizosimamishwa mbele yake, juu kidogo ya vichwa, umbali wa mita mbili hivi kutoka safu ya kwanza, huku soprano, alto, tenor na besi wakipangwa mpaka masikio yako yaridhike. Mwenye sauti kubwa mno asogezwe nyuma. Hakuna fada inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko miguu yake mwenyewe. Maiki mbili za kwaya na nyaya mbili za kinanda, kushoto na kulia, zinajaza milango yako minne barabara. Mwimbaji kiongozi atarudi siku nyingine, avae hedifoni, aimbe juu ya kile kilichokwisha kurekodiwa. Hata ngoma za bugobogobo, ukiletewa kikundi kutoka Kisesa au Magu, huanzia hapo hapo: maiki mbili kwa kikundi kizima na moja karibu na ngoma kubwa, ila gaini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) ishushwe sana, kwa kuwa ngoma zile hujaza priampu, yaani kikuza sauti cha maiki kilicho ndani ya kifaa, mara moja na sauti ikakwaruza.

Maiki ya dainamiki, ile ya kawaida ya mkononi isiyohitaji volti 48, hutoa umeme wa milivolti chache tu, na priampu inapaswa kuukuza mara mamia, pengine hadi mara elfu moja, ambayo mafundi huiita desibeli 60. Hapo ndipo vifaa vya bei ya chini hutofautiana. Priampu dhaifu, ukiipandisha hadi robo ya mwisho, huanza kutoa sauti kama ya mvua ya mbali, nayo hubaki chini ya kila neno la mwimbaji mpole. Kwenye mpangilio wa programu, rekodi kwa biti 24, si 16, ili uwe na nafasi ya kuacha sauti chini kidogo. Vilele vya sauti vikigonga kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, panatosha kabisa. Taa nyekundu isiwake hata mara moja. Kiwango cha sampuli, yaani mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde, cha 48 kHz (mara 48,000) kinatosha kwa kazi zako, hasa kama nyimbo zitawekewa video, na 192 kHz iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi itakujazia diski tu.

Mwimbaji anapojisikia kwenye hedifoni, sauti yake isipitie kwanza ndani ya kompyuta. Kompyuta huikusanya sauti kwa mafungu, na kwa mpangilio wa sampuli 1024 katika 48 kHz fungu moja tu ni takriban milisekunde 21, halafu sauti hiyo ina safari ya kurudi. Mwimbaji huhisi kama kuna mtu anamfuatisha nyuma, na hapo huanza kuchelewesha maneno. Chagua kadi yenye kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, ambacho hupeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kama laptopu yako ni ya Windows, weka draiva ya ASIO ya mtengenezaji mwenyewe, yaani programu ndogo inayopunguza kuchelewa huko. Kwa programu, Reaper itakutosha kwa miaka mingi: ina siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya wenye kipato kidogo ni dola 60.

Suala la umeme lina uzito wa pekee kwa Mwanza. Nyumba nyingi za mjini, na hasa zilizopanda milimani kama Isamilo, Igogo na Mabatini, zimejengwa juu ya miamba, na nondo ya ethi ni kazi ngumu kuizamisha katika jiwe. Fundi asiye mvumilivu huishia kuifukia kidogo pembeni ya ukuta. Jiwe lenyewe halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ethi inakuwepo kwa jina. Matokeo yake kwa studio ni mvumo mzito wa hezi 50 unaosikika kwenye kila rekodi, na mnunuzi hulaumu miksa. Jaribu hivi: mvumo ukiwepo, chomoa chaja ya laptopu na uiache itumie betri. Ukitoweka, shida iko kwenye umeme na kifaa ni kizima. Unganisha vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani kupitia kebo ndefu yenye ethi, na umwite fundi apime ethi ya nyumba. Usikate waya wa kijani na njano wala kung'oa pini ya tatu, hata kama mvumo utaisha. Waya huo ndio unaomlinda mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma mkononi. Ukipata nafasi baadaye, nunua UPS ndogo.

Katika laki saba zako, kadi isichukue zaidi ya nusu. Maiki ya kwanza iwe ya dainamiki. Watu wengi hukimbilia kondensa kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video za studio, lakini kondensa husikia kila kitu, na chumba cha Igoma kilichoezekwa mabati, chenye kuta tupu na barabara karibu, kina mengi ya kusikika. Dainamiki ikiwekwa vidole vinne kutoka mdomoni humchukua mwimbaji na kuacha mengi ya nyuma. Kwa siku ya kwaya, azima au kodi kondensa mbili. Shure SM58 ni chaguo la miaka mingi, lakini nakala zake bandia ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 298, na mzani wa duka la nafaka unatosha kukuonesha iliyo nyepesi kupita kiasi, ingawa uzito sahihi peke yake hauthibitishi kuwa ni halisi. Mvua za vuli zikianza kugonga bati, hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachoziondoa kwenye rekodi. Weka dari na magodoro, na upange kurekodi sauti asubuhi zisizo na mawingu.

Utakapokwenda kununua, nenda na laptopu, hedifoni na, ikiwezekana, maiki yako. Chomeka kifaa, pandisha gaini ya kila mlango hadi mwisho bila mtu kusema chochote, na usikilize: mnong'ono mwepesi ni wa kawaida, lakini mikwaruzo au mvumo ni dalili mbaya. Zungusha kila kitufe polepole. Washa volti 48 kisha uchomeke kondensa ya dukani uone kama inafanya kazi. Mwishowe rekodi dakika mbili, wewe kwenye maiki moja na muuzaji kwenye nyingine, kisha zima treki yako kwenye programu. Ukiendelea kujisikia kwa nguvu ile ile katika treki yake, umeshapata jibu la swali nililokuandikia mwanzoni. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie mali yake. Ukiagiza kutoka Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi, omba video ya jaribio hilo kabla ya kulipa.

Imebaki ile miksa ya Japani. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, wetu ni 230. Geuza kifaa usome bati la nyuma au kibandiko cha adapta. Kikiandikwa 100–240V, hakuna tatizo, badili plagi tu. Kikiandikwa 100V peke yake, kukichomeka ukutani hapa ni kukiunguza, na utalazimika kununua transfoma ya kushusha umeme, ambayo gharama yake iingie kwenye bei unayopatana. Angalia pia kama adapta ya asili ipo. Miksa nyingi ndogo, MG10XU ikiwemo, hutumia adapta inayotoa umeme wa AC wenye plagi ya pini maalumu, kwa hiyo adapta ya modemu au ya king'amuzi haiwezi kuziba pengo lake. Kama muuzaji anasema adapta ilipotea lakini utapata nyingine mjini, mwambie aitafute yeye kwanza, aiwashe mbele yako, ndipo mzungumze bei.